Safari ya Zulekha kwa Somo Yake

Kariakoo, Dar es Salaam
3 Machi 2024

Dada Maimuna,

Shikamoo. Naamini wewe na shemeji mnaendelea vizuri, na mihogo imeshika. Huku wote wazima, ila joto limetushika koo. Zulekha katoka vipele shingoni, nikimwogesha maji ya vuguvugu anatulia, nikimvalisha tu anaanza upya. Anacheka sasa. Anacheka na feni.

Barua yako nimeipata kwenye kaunta ya vifurushi pamoja na mfuko wa korosho. Nilicheka, dada, nisamehe. Barua, miaka hii! Karani aliniuliza kama ni hati ya shamba. Unasema simu imetumbukia kwenye pipa la maji na fundi ameshindwa. Pole. Lakini azima hata ya jirani nimsikie mama. Tangu miguu ianze kumvimba nilikuwa namsikia kila mara, sasa naona kama nimezibwa sikio moja.

Hafidhi naye alipata safari ya ghafla ya mzigo wa Lindi juzi juzi. Karudi kanyong'onyea, hata mtoto anambeba bila kumsemesha. Nikimuuliza anasema ni barabara. Haya, barabara.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nataka kuja. Arobaini ya uzazi imekwisha, shingo ya mtoto inakaza, na mama hajamwona somo yake. Mtoto nimempa jina lake mwenyewe halafu wajuane kwa picha? Nataka amshike akiwa bado na nguvu ya kushika. Sitaki kingine, dada. Hata nikikaa kwenu siku mbili nikarudi, nitakuwa nimemaliza.

Kinachonichelewesha ni vitu vya njiani. Kutwa nasimama dukani kwa Bi Azza, hapa upande wa Msimbazi, nawaambia wanawake wenzangu chukua hiki, acha kile, mdomo mwepesi kama mnadi samaki wa Feri. Zamu yangu imefika, naduwaa mbele ya rafu kama mgeni. Nimeshika kigari kile cha kukunja. Nimekiacha. Nimeshika kibebeo cha mikanda, kile mtoto anakaa kifuani. Nikashika beseni la plastiki, chandarua cha mwavuli, chupa ya maji ya moto, kigodoro, vifuniko vya masikio. Bi Azza ananitazama tu juu ya miwani.

"Anifa, unahama au unasafiri?"

"Nasafiri, Bi Azza. Newala."

"Mtoto mmoja, mgongo mmoja, mikono miwili. Kitakachozidi hapo rudisha rafuni."

Muulize mama yeye angechukua nini. Alitusafirisha sisi wote, tena kwa malori. Nataka niondoke kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Nijibu haraka.

Mdogo wako,
Anifa


Newala
15 Machi 2024

Mdogo wangu Anifa,

Marahaba. Ramadhani karimu kwako na kwa baba Zulekha. Hapa tumefunga salama, mvua inanyesha, mapipa yamejaa, hatuendi tena kisimani. Shemeji yako amekohoa wiki nzima lakini sasa anakwenda shambani. Mbuzi yule mwekundu amezaa.

Barua yako imenikuta mwezi umeshaandama, na ni heri hivyo. Usije sasa. Mama anasema mtoto amalize kwanza sindano zake za kliniki. Njia ni ndefu, mtu anatoka Mbagala hakujapambazuka anafika huku usiku, na wewe umetoka kwenye uzazi juzi. Subiri. Jiandae vizuri. Mtoto kwanza, mengine baadaye.

Kuhusu vitu nimemuuliza. Anasema kigari kiache hukohuko, mchanga wa kwetu utakimeza magurudumu. Kibebeo cha mikanda, anasema kinamning'iniza mtoto kama mfuko wa sokoni, na basi likikanyaga shimo kidevu chake kitagonga kifua chako. Chukua kanga mbili nzito, ya kumbebea na ya kumfunika. Chandarua lete, mbu wa mwaka huu wana hasira. Chupa ya maji ya moto lete, na sabuni ya kipande. Pampers za njiani tu, ukifika nepi zipo. Kadi ya kliniki iweke kwenye nailoni uifunge, mwenzako mmoja hapa ya mwanawe iliyeyuka kama sukari.

Simu ya jirani haina maana, mtandao unakuja na kuondoka, na mama kuongea kunamchosha. Usimsumbue.

Unakula? Kunywa uji wa ulezi, tia karanga. Usifunge, dini imekuruhusu. Maziwa yanatoka vizuri? Niandikie kuhusu maziwa.

Dada yako,
Maimuna


Kariakoo
31 Machi 2024

Dada Maimuna,

Shikamoo. Huku ni harakaharaka za Iddi, Kariakoo mtu hapiti, anasukumwa mpaka anafika. Zulekha amechomwa sindano ya mwisho, alilia sauti moja tu, nzito, kama ya mwanamume. Nesi alicheka. Mimi nilitokwa na machozi, sijui uchovu. Silali, dada. Natoka dukani, nanyonyesha, nafua, nanyonyesha, nikikaa chini kuchambua mchele nasinzia na ungo mapajani.

"Kama mfuko wa sokoni"! Nilivyosoma pale nilicheka peke yangu mpaka wateja wakageuka. Mama huyohuyo! Nikamsomea Bi Azza naye akacheka, akasema mama yako angekuwa muuza duka hapa tungekula nini. Kibebeo nimekirudisha. Nimechukua kanga mbili kama alivyosema.

Na kwenye kigari ana haki. Juzi mama mmoja kaleta cha kwake, alikinunua kwangu kwenda nacho kwao Kilwa. Kakibwaga juu ya kaunta, mchanga ukamwagika mpaka kwenye soksi za maonyesho.

"Wewe dada, ulisema kinapita popote!"

"Nilisema popote penye lami, shoga."

"Kwetu lami iko wapi? Nilikibeba kichwani, na mtoto mgongoni! Watu wananiuliza, mwenzetu, hicho kiti unampelekea nani?"

Tulicheka wote, na yeye. Tangu siku hiyo mteja akitaka kigari namuuliza kwanza anakokwenda.

Kwenye mfuko huu utakuta ndala za mama. Nilizitafuta Mchikichini asubuhi nzima, nikipekua mafungu na mtoto mgongoni. Ni pana, laini, zina mkanda wa kufungua, hata mguu ukivimba namna gani utaingia. Mvalishe uniambie kama zimemtosha.

Maziwa yanatoka, mbona umeuliza kama nesi? Yanatoka mpaka gauni linalowa.

Iddi ikipita tu nakuja. Vitu viko tayari, vimefungwa, nimeviweka juu ya kabati. Halafu, dada, nina ombi. Muombe mama aseme neno moja kwa Zulekha, lolote, uliandike kama alivyolitamka. Usilinyooshe.

Anifa


Newala
22 Aprili 2024

Anifa,

Marahaba. Iddi ilipita salama, tulichinja kuku. Mfuko ulifika umelowa maji, nguo za juu zilitoa rangi lakini ndala zilikuwa kwenye nailoni. Zimemtosha. Ameshukuru.

Usije bado. Mvua huku haikatiki, na barabara mmeisikia wenyewe, mabasi yanalala njiani na abiria wanashuka kusukuma. Na kichanga utasukuma nini? Ngoja ikauke.

Kigodoro usilete, ni mzigo wa bure. Mtalala chumbani kwa mama, kitanda ni kipana.

Neno la mama ni hili: mnyonyeshe mpaka aache mwenyewe, usimwondoe ziwani kwa haraka ya kazi.

Nina palizi, nimeandika nimesimama. Wasalimie.

Maimuna


Kariakoo
20 Mei 2024

Dada Maimuna,

Shikamoo. Nimeiandika kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa.

Zulekha mzima. Ameanza kugeuka mwenyewe, anajikuta kifudifudi halafu analalamika kama amesukumwa na mtu. Hizo ndizo habari za nyumbani kwangu, sina nyingine njema.

Alhamisi alikuja dukani Evarista, yule wa kwetu anayeleta korosho. Kaingia na kapu lake, kamwona mtoto mgongoni, kaweka kapu chini. Nikamsabahi, "Mambo, dada Evarista, leo umepotea njia?" Alinishika mikono yote miwili.

"Pole, mdogo wangu. Pole sana. Ile siku sikuwahi, nilikuwa Masasi na mzigo. Hata kwenye hitima nilifika watu wamekwisha kula."

"Hitima ya nani?"

Akanitazama. Nikamwona uso unavyobadilika, dada, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. Akaanza kuokota kapu.

"Labda nimechanganya. Kwenu ni wengi."

"Dada Evarista. Hitima ya nani?"

Bi Azza alitoka nyuma ya kaunta akamtoa nje mteja aliyekuwepo, akashusha shata la mlango nusu. Evarista akasema huku anaangalia sakafu. Akasema mama yako alizikwa Februari, kabla mwezi haujaandama. Akasema, nilijua unajua.

Februari! Mimi Machi nilikuandikia muulize mama angechukua nini. Nilirudisha kibebeo rafuni kwa neno la mama. Nilipekua mafungu ya Mchikichini natafuta ndala za miguu iliyokwisha kuzikwa, nawe ukaniandikia zimemtosha. Uliposema mtalala chumbani kwa mama nilifurahi, dada. Nilijua tutabanana watatu, mtoto katikati.

Nilimsubiri Hafidhi hapo hapo mlangoni pa duka. Alivyofika akaona shata limeshushwa, akanitazama, akavua kofia. Sikupiga kelele.

"Ule mzigo wa Lindi ulikuwa nini?"

Akaizungusha kofia mikononi.

"Ulimzika?"

"Nilibeba jeneza."

"Ukarudi ukala chakula changu."

"Dada yako aliniapisha. Wakubwa wote walisema mama anyonyeshaye hapelekewi msiba, maziwa yatakatika. Ningefanya nini, Anifa? Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningekwambia, Hafidhi. Ningekukalisha chini nikakwambia."

Akalia yeye. Mimi nilikuwa sijalia bado. Akaniambia pia kuwa simu yako ni nzima, iko sandukuni. Nimeelewa. Kalamu iliweza, sauti isingeweza. Namba nimeijaribu, inaita. Nimekata kabla hujapokea. Umenidanganya kwa karatasi, nijibu kwa karatasi, na safari hii uandike umekaa.

Maziwa hayakukatika. Nataka ulijue hilo. Nilipoanza kulia hatimaye, yalitoka yenyewe, pande zote mbili, mtoto hata hajalia. Yalilowesha gauni, yakalowesha kanga, Bi Azza akanipa nepi ya dukani nikajifutia. Nililia na yakatoka, nikanyamaza na yakatoka. Zulekha alinyonya akashiba akalala.

Najua ulimwogopea kwa ajili ya Shomari wako. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Walikuletea habari ya msiba wa baba ukiwa na mtoto ziwani, maziwa yakapotea, na Shomari hakufika masika. Sijasahau, na sikulaumu kwa kuogopa. Nakulaumu kwa kumfanya mama aongee. Ungeniambia tu mama mgonjwa, haongei, nisije. Hukuwa na haja ya kunitengenezea vichekesho vyake.

Nakuja. Barabara imekauka au haijakauka, Ijumaa ya tarehe 14 Juni napanda basi. Lile furushi la juu ya kabati nimelifungua. Chandarua nakuja nacho, chupa ya maji ya moto nakuja nayo, kanga zote mbili. Vingine nilinunua kwa kumfurahisha mtu ambaye hayupo, nimevirudisha.

Nina mambo mawili tu. La kwanza, mnitandikie mkeka. Nyie mmekwisha kulia, mmepika, mmesoma, mmeanua matanga. Mimi ndiyo naanza. Sitaki kufika nikaambiwa yamepita, karibu ugali. Nataka wanawake wakae chini na mimi kama siku ileile, hata wakija watatu.

La pili, niambie alisema nini mwishoni. Alinitaja? Alimtaja Zulekha? Usinipe cha kunituliza, dada. Nimetulizwa miezi yote hii. Kama ni kitu, andika. Kama si kitu, andika.

Anifa


Newala
3 Juni 2024

Mdogo wangu Anifa,

Marahaba. Sisi wazima. Sitaandika habari za mvua.

Nimeisoma barua yako nikamsomea shemeji yako mpaka kwenye maziwa, hapo nikashindwa, akamalizia yeye. Nimefurahi kwamba mtoto alishiba. Ukiniuliza kama ningefanya vile tena, usiniulize.

Siku ile tulimwosha mimi na shangazi na wanawake wawili wa msikitini. Tulipokuwa tunamkausha mmoja akauliza, nani atampigia Anifa. Mwingine akasema, ana kichanga. Basi. Tukaendelea na sanda. Mimi nilisikia hilo neno kichanga nikamwona Shomari, midomo yake ilivyokuwa inatafuta. Nikaona afadhali unichukie.

Barua ya kwanza nilitaka kukuandikia mgonjwa tu, haongei. Nikaandika hivyo nikachana, nikatuma korosho na habari ya simu. Halafu yako ikaja, muulize mama angechukua nini. Nikaanza kuwaza angesema nini, na nilivyowaza nikamsikia. Siku ile nyumba ilikuwa na mtu. La mfuko wa sokoni ni langu. La mchanga pia. La kunyonyesha ni langu. Ndala nilizivaa nikaandika zimemtosha nikiwa nazo miguuni, nikazivua, sijazivaa tena.

Mkeka. Wanaume wanasema msiba hautandikwi mara mbili, na sheikh amesema kuomboleza kuna mpaka wake. Nimewajibu nitautandika uani kwangu kwa jina langu, atakayekuja aje. Shangazi amesema atakuja. Yule aliyesema ana kichanga amesema atakuja, na ataleta maji.

Sasa la pili. Umesema kama si kitu niandike.

Siku za mwisho alikuwa hatujui. Mimi aliniita kwa jina la mama yake, akanituma nikafunge kuku waliokufa miaka mingi iliyopita. Picha ya Zulekha uliyotuma tulimwekea mbele ya macho, nikamwambia mama, somo yako huyu. Akaangalia pembeni, ukutani, kwa muda. Hakukutaja, Anifa. Hakumtaja mtoto. Asubuhi ile alitaka maji, nikampa kwa kijiko, yakatoka pembeni ya mdomo. Nikamfuta. Nilipogeuka kuweka kikombe chini akawa ameondoka. Hayo ndiyo yote.

Nimekaa na kalamu hii tangu alasiri. Nilitaka kukuandikia kwamba alisema, nileteeni somo yangu nimpakate. Ungeamini. Hata mimi ningeamini, maana ndivyo angesema, kwa sauti ileile. Hakusema.

Basi la Ijumaa nitalipokea mimi mwenyewe stendi, usitafute pikipiki. Ukishuka usinitazame usoni mbele za watu, sitaweza kusimama. Nipe mtoto kwanza.

Dada yako,
Maimuna